Ohio State wana nyota nyingi, mbona dabi walipigwa mara nne? Unalinganishaje vipaji vya timu mbili za chuo

"Habari kocha. Niko Columbus mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ghalani na jamaa mmoja wa Kongo aliyehamia hapa kutoka Grand Rapids, kwenye mpira wa Kimarekani wa vyuo yeye ni Michigan damu na mimi Ohio State. Kila Desemba vijana wa haiskuli wakisaini na vyuo namuonyesha listi ya usajili, sisi tuko juu yao, vijana wetu wa nyota tano, daraja la juu kabisa, ni wengi kuliko wao. Halafu wametupiga 2021, 2022, 2023, na 2024 wakaturudia hapa hapa nyumbani. Yeye anasema basi vipaji viko kwao na hizo nyota ni biashara ya mitandao tu. Tumewekeana pilau. Nani ana haki, na mtu analinganishaje kweli vipaji vya timu mbili? Na hili pia: mpwa wangu yuko darasa la kumi na moja, anacheza upande wa ulinzi, ana nyota tatu, kuna mtu anataka dola 800 amuongezee nyota ya nne. Nimpe?"

Ndugu yangu, nianze na la mwisho maana lina pesa ndani yake: usimpe. Nitalirudia huko chini, ila kama huna muda wa kusoma yote chukua hilo kwanza.

Sasa tuje kwenye pilau. Huo ubishi wenu naujua vizuri, nina miaka kadhaa nakata video za vijana wa haiskuli kwa ajili ya makocha wa vyuo, na watu ninaokutana nao ni wa aina mbili, kuna anayesoma nyota kama matokeo ya mtihani wa taifa na kuna anayesema zote takataka. Wewe na jamaa yako mmegawana hizo pande mbili sawasawa. Na mnakosea mahali pamoja, kuna namba imetengenezwa kujibu swali moja, nyie mnailazimisha ijibu lingine.

Tukumbushane kidogo huu usajili ulivyo, maana sisi tuliokua na Simba na Yanga tukisikia neno usajili tunawaza dirisha, unamchukua mtu mzima umeshamuona akicheza ligi. Huku ni kama Simba na Yanga wote wangejenga timu kwa kugombania watoto wa miaka 17 ambao wengine bado wanaongezeka urefu. Skauti wa mitandao ya usajili anaangalia video zao, anawaona kwenye kempu, anapima mwili, mkono una urefu gani, anakimbia kasi gani, halafu anasema mtoto huyu miaka mitatu minne ijayo atakuwa nani. Kwa hiyo nyota ni utabiri wa mtu mmoja mmoja, na 247Sports wenyewe nyota tano wao huwa kama 32 hivi kwa mwaka kwa sababu raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, pale ligi ya kulipwa inapochagua vijana kutoka vyuoni, ina nafasi 32. Yaani anayempa kijana nyota tano anasema huyu namuona raundi ya kwanza ya drafti siku moja. Hajasema chochote kuhusu Michigan na Ohio State Jumamosi ya mwisho ya Novemba.

Je, utabiri huo una maana? Una maana sana, na hapa jamaa yako wa Grand Rapids amepotea. Najua hoja yake kabla hajaitoa, atakwambia NFL imejaa waliokuwa nyota tatu. Kweli imejaa. Lakini fikiria shule zetu za vipaji maalum kama Kibaha au Ilboru, ukihesabu madaktari wote wa Tanzania wengi watakuwa wametoka shule za kawaida, kwa sababu shule za kawaida ni maelfu na zile za vipaji unazihesabu kwa vidole. Haina maana kwamba mtoto wa Kibaha na wa shule yoyote ile wana nafasi sawa ya kuwa daktari. Ndivyo ilivyo huku, nyota tano ni thelathini na kitu, nyota nne ni mia chache, nyota tatu ni maelfu. Ukichukua kijana mmoja mmoja, wa nyota tano ana nafasi ya kufika NFL kubwa mara nyingi kuliko wa nyota tatu.

Kwa timu nzima kuna kipimo maarufu kiliwekwa na mwandishi Bud Elliott, kinaitwa uwiano wa blu-chipu. Unachukua madarasa manne ya mwisho ya usajili (darasa ni vijana waliosajiliwa mwaka mmoja), unahesabu waliokuwa nyota nne na tano, wakizidi nusu timu hiyo inaingia kwenye kundi la wanaoweza kubeba ubingwa wa taifa. Kwa miaka mingi kila bingwa alitoka ndani ya kundi hilo. Ohio State huwa wako juu huko, zaidi ya wanane kwa kumi. Michigan wa 2023, wale waliomaliza 15-0 wakampiga Washington 34-13 fainali, walikuwa wamepita nusu kwa kidogo tu. Walikuwa ndani ya kundi lakini karibu na mlango. Kwa hiyo kwenye vipaji vya kwenye karatasi wewe uko sahihi, Ohio State walikuwa mbele miaka yote hiyo minne, sioni namna ya kulibishia hilo.

Ila sasa angalia nyuma kidogo. Kuanzia 2012 mpaka 2019 Ohio State waliifunga Michigan mara nane mfululizo, 2020 mechi ikafutwa kwa ajili ya korona, halafu ndio 2021 Michigan wakashinda 42-27 na kibao kikageuka. Pengo la usajili halikugeuka. Ohio State walikuwa juu wakati wanashinda na walikuwa juu wakati wanapigwa, kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kuwa ndicho kilicholeta mabadiliko, lazima utafute kingine. (Wapo watakaokwambia ni ile kesi ya Michigan kuiba ishara za makocha wa wapinzani. Kesi ilikuwepo kweli, na 2023 kocha wa Michigan Jim Harbaugh alikaa nje mechi tatu za mwisho za msimu wa kawaida, dabi ikiwemo, lakini bila yeye uwanjani walishinda 30-24 vilevile. Mimi sitaki kuingia huko, ubishi wa namna hiyo hauna mwisho.)

Hebu tuiangalie mechi moja kwa karibu, ile iliyokuuma zaidi, ya Novemba 2024 hapo Columbus. Michigan wanaingia wameshinda 6 wamepoteza 5, wabetishaji wanawapa Ohio State ushindi wa karibu pointi 20. Kwotabeki wa Michigan, yule anayepiga pasi, ni Davis Warren, kijana aliyeugua saratani ya damu akiwa haiskuli akapona, akaja Michigan bila skolashipu. Siku hiyo pasi zake zote hazikufikisha yadi 100 na mbili zilidakwa na wapinzani. Upande wa pili Jeremiah Smith, kijana namba moja wa nchi nzima kwenye darasa lake la 2024. Kwa nyota mechi ilikuwa imeisha kabla ya kuanza. Matokeo 13-10, Michigan.

Kilichotokea ni kwamba mpira ulichezwa sehemu ndogo sana ya uwanja, pale katikati kwenye wale mabonge wa mstari wa mbele. Michigan pale walikuwa na Mason Graham aliyekuwa nyota nne na Kenneth Grant aliyekuwa nyota tatu, na wote wawili miezi mitano baadaye walichukuliwa raundi ya kwanza ya drafti, wa tano na wa kumi na tatu. Yaani kwa Grant utabiri wa nyota ulikosea kabisa, hutokea, hasa kwa mabonge, maana mwili wa mtoto wa miaka 17 mwenye kilo 130 huwezi kujua utaishia wapi. Ohio State kwa upande wao walikuwa wamewapoteza wachezaji wawili muhimu wa mstari wao kwa majeraha, Josh Simmons tangu Oktoba na Seth McLaughlin Novemba. Wastani wa nyota wa kikosi chao haukushuka kwa kitu cha kuonekana, ila lile tundu lilikuwa pale pale Graham na Grant walipokuwa wanasukuma. Na Ohio State wakaendelea kukimbiza mpira katikati, ubishi tu wa makocha, wakati Smith na wenzake wako pembeni wanasubiri pasi. Juu ya hapo mpigaji wao akakosa mikwaju miwili. Michigan nao walikuwa na pengo, Will Johnson na Colston Loveland hawakucheza, sisemi walikuwa kamili.

Halafu timu hiyohiyo iliyopigwa na Michigan ya 6-5 ikaenda mchujo ikampiga Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14 na Notre Dame 34-23, ikawa bingwa wa taifa. Wachezaji walewale. Ukimaliza kushangaa utaona vipaji vinafanyaje kazi. Kikosi chenye vipaji vingi kinakupa nafasi ya kuumia watu wawili ukaendelea, kinakupa kucheza vibaya wiki moja ukarudi. Kwenye mechi 16 hiyo faida inajilimbikiza. Kwenye mechi moja ni faida ya pointi kadhaa, na pointi kadhaa zinaliwa na mikwaju miwili iliyokosa na baridi ya Novemba. Timu inayopewa nafasi ya kushinda mara nne kati ya tano bado itapoteza hiyo ya tano, na ikiangukia siku ya dabi utaisikia mwaka mzima.

Sasa namna ya kulinganisha. Hiyo listi unayomuonyesha jamaa Desemba ndiyo kitu dhaifu kuliko vyote. Kwanza ile namba ya timu inajumlisha. Wa kwanza kwa ubora anahesabiwa kwa uzito wote, wa pili pungufu kidogo, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anaongeza kidogo sana, lakini anaongeza. Kila mtoto ana alama ya desimali isiyozidi 1, tuseme timu moja imesajili watoto 27 wenye wastani wa 0.90 na nyingine 18 wenye wastani wa 0.92, ya kwanza inaweza kukaa juu kwenye listi kwa ajili ya wingi tu. Mimi naangalia wastani kwa kichwa kwanza, halafu idadi. Na naangalia hiyo desimali kuliko nyota zenyewe, maana nyota nne inaanzia kama 0.89 hivi na kuendelea mpaka karibu 0.98, mle ndani kuna mtoto anayekaribia kuwa bora nchini na kuna mwingine amezidiwa kidogo sana akawa nyota tatu. Wa 0.8895 na wa 0.8905 ni mtoto yuleyule ukiniuliza mimi, ila mmoja ana nyota tatu na mwingine nne.

Pili darasa siku hizi sio kikosi. Tangu portali ya uhamisho, ile orodha ya wanaotaka kuhama chuo, ifunguliwe 2018, na hasa 2021 walipowaruhusu kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje mwaka mzima, na mwaka huohuo pesa za jina na sura, NIL, zikaruhusiwa, watoto wanahama kama wachezaji wa ligi yoyote ile. Caleb Downs alisajiliwa na Alabama darasa la 2023, akahamia Ohio State. Kwotabeki Julian Sayin alisaini Alabama darasa la 2024, kocha wa huko Nick Saban akastaafu Januari, kijana huyo yuko Columbus kabla hata hajacheza dakika moja. Will Howard aliyewapa ubingwa alitoka Kansas State. Ukiangalia listi za Desemba za Ohio State hao wote hawamo, na kuna waliomo ambao wameshaondoka. Kwa hiyo tafuta ile hesabu ya kikosi kizima, waliopo sasa na waliohamia, ndiyo ya kulinganisha.

Tatu, gawa kwa nafasi. Kama darasa lako lina wadaka pasi watatu wa nyota tano na mstari wa mbele wa nyota tatu tupu, wastani unapendeza ila uwanjani mpira mmoja tu, hao watatu watagawana. Kwotabeki ndiyo kabisa, anacheza mmoja. Michigan walipomvuta Bryce Underwood, namba moja wa darasa la 2025, akageuka kutoka chuo cha LSU Novemba 2024, ule usajili mmoja ulikuwa na uzito kuliko nyota tano wawili wa nafasi nyingine, lakini fomula ya listi haijui hilo.

Nne ni umri, na hiki watu wanakisahau. Nyota za haiskuli ukishaingia chuo hazibadiliki. Hassan Haskins alikuwa nyota tatu kutoka Missouri, akakaa Michigan mpaka miaka ikapita, 2021 akawafungia Ohio State mabao (tachidauni) matano peke yake. Alikuwa bado nyota tatu kwenye karatasi! David Ojabo alizaliwa Nigeria akakulia Scotland, mpira huu ameuanza na miaka 17, skauti gani angempima vizuri? Msimu wa 2021 akamuangusha kwotabeki mara 11. Na jamaa yako mkumbushe Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Quebec, 1995 alikimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State ambao walikuwa hawajapoteza mechi. Najua atafurahi, mpe tu hiyo, ni haki yake.

Kama unataka kuona haya yote yamefika mbali kiasi gani, angalia Indiana. Msimu wa 2025 wamewafunga Ohio State 13-10 fainali ya Big Ten, ligi yao, wakaenda mpaka ubingwa wa taifa, na uwiano wao wa blu-chipu ulikuwa chini hata ya moja kwa kumi. Kocha Curt Cignetti alikuja na vijana aliokuwa nao chuo cha James Madison, watu wazima wa miaka 22, 23, akaongeza kwotabeki Fernando Mendoza kutoka chuo cha California. Je kipimo cha Elliott kimekufa? Mimi nadhani kimepungukiwa nguvu, hakijafa. Kilitengenezwa zama ambazo uliyemsajili haiskuli ndiye unayekaa naye. Siku hizi unaweza kununua uzoefu, hasa tangu Julai 2025 vyuo viliporuhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza ukomo wa chuo kizima ulikuwa kama dola milioni 20.5. Lakini ukiwa na vipaji vya Ohio State na uzoefu wa Indiana kwa pamoja nani atakuzuia.

Sasa huyu wa dola 800. Nyota haziuzwi. Mitandao mikubwa inayotoa nyota haina dirisha la kulipia, skauti anabadilisha namba akiona video mpya, akimuona kempu, au akiona vyuo vikubwa vinampa ofa, maana na wao wanaangaliana, chuo kikubwa kikitoa ofa mtandao nao unashtuka. Huyo bwana kinachoweza kutokea ni kwamba atachukua 800, kijana akipanda mwenyewe atasema ni kazi yangu, asipopanda atasema ongeza 400. Na nyota ya nne haimpi mpwa wako skolashipu, kocha wa chuo ana skauti wake, wanaangalia video yenyewe.

Pesa hiyo ikitaka kutumika basi itumike kumpeleka kempu ya chuo kimoja au viwili ambavyo vimeshaonyesha kumtaka. Video ikatwe fupi, ianze na matukio yake bora matano, na awekewe duara kichwani kabla mpira haujaanza ili kocha asimtafute. Halafu kitu ambacho naona familia zetu nyingi zinakichelewa: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa daraja la kwanza inataka masomo 16 ya msingi, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla hajaanza darasa la kumi na mbili. Yeye yuko la kumi na moja. Nendeni shuleni wiki hii, mwambieni mshauri wa wanafunzi awaonyeshe kwenye karatasi ni masomo mangapi yameshahesabiwa, kama alianza shule nje ya Marekani mtaulizwa matokeo ya huko pia na hayo huchukua muda. Mama yake kama Kiingereza bado kinamsumbua ombeni mkalimani, shule inapaswa kumtafuta bila kuwatoza. Nimeona kijana mwenye ofa mbili mkononi akakwama kwa somo moja la hesabu, na hakuna kocha aliyerudi kumuuliza.

Na mtu yeyote akileta karatasi ya kusaini, wakala, NIL, chochote chenye asilimia ndani yake, hapo mimi wa kwenye mtandao sitoshi, mpelekeeni mwanasheria aisome yote kabla kalamu haijagusa. Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi muoneni mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kulipwa kunaweza kumletea matatizo ambayo hakuna kocha atakayemtolea.

Haya, pilau. Mliulizana nani ana vipaji zaidi, na kwa swali hilo umeshinda, apike yeye, na 2025 mmewapiga 27-9 kwao kwa hiyo atapika huku anasikia uchungu. Lakini nyama nunua wewe, kwa sababu miaka minne ulikuwa unamwambia nyota zitatosha.